Sura ya Tano: Hangaiko la Simu Mfukoni

Ukiiweka simu mezani saa nne usiku ikiwa na chaji kamili, kioo kimezimwa, asiiguse mtu hadi adhana ya alfajiri, kisha ukaikuta ina asilimia 70, ile 30 imekwenda wapi? Usiku kucha hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyefungua video, hakuna mtoto aliyecheza gemu. Mtaani majibu huwa matatu: betri imechoka, simu yenyewe ni feki, au kuna programu zimebaki wazi na zilipaswa kufungwa moja moja kabla ya kulala. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ndiyo maana yamedumu. Lakini yote matatu yanairuka ile sehemu ya simu inayozungumza na mnara, ambayo katika sura hii nitaiita redio ya simu. Redio hiyo hailali mwenye simu anapolala. Hoja yangu ni kwamba kinachokula chaji ya watu wengi katika miji na vijiji vyetu ni hangaiko la redio hiyo: kupapasa mnara ulio mbali, kuhama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine na kurudi, kuamshwa kila dakika kwa shughuli ndogo ndogo ambazo hakuna aliyeziomba. Umri wa betri hatuwezi kuurudisha nyuma. Hangaiko hili tunaweza kulipunguza kwa kugusa mipangilio michache, bila kununua kitu.

Tuanze na simu iliyotulia, kwa sababu simu iliyotulia hula kidogo mno. Simu iliyokaa karibu na mnara, isiyotumiwa, huishi kama mlinzi anayejua kazi yake: hufumba macho, kisha huamka kwa nukta ndogo ya muda kusikiliza kama mnara unamwita, asipoitwa anafumba tena. Kwenye 4G mzunguko huo aghalabu ni sekunde 1.28. Kati ya kuamka na kuamka, redio inakuwa karibu imezima. Mtu akikupigia, mnara unalitaja jina la simu yako hewani, simu inaitika, mazungumzo yanaanza. Kama maisha yote ya simu yangekuwa hivyo, betri ya leo ingekaa siku nyingi bila kuona soketi. Ushahidi tunao, tena tuliushika mikononi. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuenea Afrika Mashariki nzima, ilikuwa na betri ya miliampea-saa 850, chini ya moja ya tano ya betri ya miliampea-saa 5000 iliyo kwenye simu nyingi za sasa, lakini ilikaa siku kadhaa bila kuchajiwa. Wengi husema ni kwa sababu ilikuwa na kioo kidogo. Ni kweli, ila si kweli yote. Redio yake ya 2G katika masafa ya megahezi 900 iliruhusiwa kurusha mawimbi kwa nguvu ya hadi wati 2, ambayo ni mara kumi ya kiwango cha juu cha simu ya 4G, yaani miliwati 200. Hata tukizingatia kwamba simu ya 2G hurusha kwa zamu, sehemu moja tu kati ya nane za muda inapozungumza, bado ilikuwa na sauti kubwa kuliko simu zetu za leo. Haikuishiwa chaji kwa sababu ilikuwa kimya karibu siku nzima. Haikuwa na cha kusema mpaka mwenyewe aseme.

Simu janja ina mengi ya kusema, na hapa ndipo utafiti unapotusaidia kuliko maneno ya vijiweni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Marekani, walipima umeme unaotumiwa na simu katika 3G, 2G na Wi-Fi. Waligundua kwamba redio ya 3G ikishamaliza kupakua kitu haizimi papo hapo. Hubaki macho kwa sekunde kumi na kitu ikisubiri kama kutakuja kingine, na katika upakuaji wa kawaida karibu asilimia 60 ya umeme wa kazi nzima ulipotea katika kusubiri huko. Wao walikuita mkia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakapima 4G iliyokuwa mpya wakati huo. Wakaukuta mkia uko pale pale, sekunde 11 na nusu hivi, na katika muda huo redio ilikuwa inakula karibu wati 1. Sababu ya mkia haina uovu wowote: kufungua mawasiliano na mnara kunachukua muda, na mtandao unadhani kwamba aliyeomba ukurasa mmoja ataomba mwingine. Kwa mtu anayesoma habari, dhana hiyo ni sahihi. Kwa programu iliyoamka usiku wa manane kutuma taarifa isiyofika hata mistari mitatu, ni sawa na kuwasha jenereta la nyumba nzima ili kutafuta kiatu chini ya kitanda.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila namba jambo hili linabaki maneno. Betri ya miliampea-saa 5000, ukizidisha kwa volti zake ambazo ni 3.85 hivi, ina akiba ya takribani wati-saa 19. Sasa tuseme simu ina programu tano, kila moja inabisha hodi mtandaoni kila baada ya dakika tano, na kila moja kwa wakati wake. Hizo ni hodi 60 kwa saa, 1,440 kwa siku. Kila hodi ikiacha redio wazi kwa sekunde 12, jumla ni sekunde 17,280, karibu saa tano. Kwa wati 1, zimekwenda wati-saa 4.8, robo ya betri, na mwenye simu bado hajaigusa. Simu za karibuni zimepunguza kiwango hicho kwa njia nitakazozieleza mbele, kwa hiyo hesabu hii ichukuliwe kama dari, si kama wastani. Lakini inaonyesha uwiano: ujumbe wenyewe haugharimu kitu, kuamshwa ndiko kunakogharimu. Mwaka huo huo wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, wakishirikiana na mwenzao wa Microsoft, walipasua programu za bure ili kuona umeme wake unaishia wapi, wakakuta kwamba kati ya asilimia 65 na 75 ulikuwa unakwenda kwenye vijisehemu vya matangazo ya biashara, vinavyoleta matangazo na kutoa habari za mtumiaji. Bure ile ililipwa kwa chaji. Mahali ambapo watu wanalipia kuchajisha simu dukani kwa sababu umeme haujafika nyumbani, hayo ni malipo ya fedha taslimu, na nadhani yangestahili kuandikwa kwenye kila programu kama bei inavyoandikwa kwenye bidhaa.

Mpaka hapa tumezungumzia redio iliyo karibu na mnara. Umbali unaharibu zaidi. Simu nyingi za Android zina ukurasa, ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kuhusu simu na hali ya laini, unaoonyesha nguvu ya mtandao kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Vijiti vile vinne juu ya kioo ni kifupisho tu cha namba hiyo, tena kila kampuni huvipanga inavyopenda, kwa hiyo viache. Namba ikiwa -80 kwenye 4G, uko pazuri. Ikiwa -110, uko pabaya, na tofauti kati ya hizo mbili si theluthi kama macho yanavyodhani. Kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha: kila 10 ni mara kumi, kwa hiyo kutoka -80 hadi -110 mawimbi yamedhoofika mara 1,000. Mnara ukiona sauti ya simu inafifia, unaiamuru iongeze nguvu. Simu iliyo karibu huweza kutuma kwa nguvu isiyofika miliwati 1. Ile ya mbali hupandishwa mpaka miliwati 200, na kwa kuwa kikuza mawimbi ndani ya simu kinapoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, kinachotoka kwenye betri ni kikubwa zaidi ya hicho. Ndiyo maana simu inaweza kupata moto mfukoni huku kioo kimezimwa. Joto lile ni chaji inayotoka.

Hata hivyo, simu iliyo mbali na mnara lakini imetulia bado ina afadhali. Balaa ni simu iliyo ukingoni. Chumba cha ndani katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mfano mzuri: kuta zake nene za mawe ya matumbawe zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia mawimbi pia. Ndani ya chumba hicho 4G inaonekana, inapotea, inaonekana. Kila inapopotea, simu inaanza kusaka, ikipita masafa moja baada ya jingine, na simu ya kisasa imejengwa kusikiliza masafa mengi sana. Ikiipata 3G inajiandikisha upya, yaani inarusha kwa nguvu ili kuuambia mtandao kwamba sasa iko huku. Baada ya muda mfupi inahisi 4G imerudi, nayo imeelekezwa kuipendelea 4G, basi inahama na kujiandikisha tena. Nyumba ya bati ina hadithi yake: bati hurudisha mawimbi nyuma, kwa hiyo yanaingia kwa mlango na dirisha tu, na simu iliyowekwa kwenye kona ya mbali na dirisha inaweza kuwa na namba mbaya kuliko iliyo kwenye kizingiti kwa 10 au 15. Kuisogeza mita tatu kunaweza kufanya zaidi ya kubadilisha mpangilio wowote. Hilo ni la kujaribu kwanza, halina gharama.

Usipoweza kusogea, ndipo mpangilio unaposaidia. Katika sehemu ya mitandao ya simu kuna chaguo la aina ya mtandao unaopendelea. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa juu kabisa: 5G, 4G, 3G na 2G, ichague yenyewe. Ukiishusha daraja moja, unailazimisha iache kuufukuzia mtandao inaoshindwa kuushika. Namna ya kujua kama inakufaa ni kutazama ile namba ya dBm, pale pale unapokaa muda mrefu, kwa dakika tano hivi katika kila chaguo. Usitafute namba iliyo juu zaidi, na usilinganishe namba ya 3G na ya 4G kana kwamba ni mizani moja, maana hazipimwi kwa namna moja. Tafuta isiyorukaruka na isiyobadilisha herufi juu ya kioo. Kama 4G imesimama kwenye -98 bila kutikisika, ibaki 4G. Kama kila dakika inageuka 3G na kurudi, ibaki 3G. Fizikia inaeleza kwa nini mara nyingi mtandao wa daraja la chini ndio unaosimama: masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta kuliko ya juu. Wimbi la megahezi 900, linalotumiwa na 2G na mahali pengine 3G, lina urefu wa sentimita 33. La megahezi 3500, linalobeba 5G katika nchi nyingi, halifiki sentimita 9, na ukuta wa tofali unalimeza mapema.

Msomaji makini atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito: kama hoja ni hiyo, kwa nini tusishuke wote hadi 2G, kama ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unavyosema? Kwa sababu 2G ni polepole mno, na redio inayopakua polepole inakaa macho muda mrefu. Picha ambayo 4G nzuri inaimaliza kwa sekunde moja, 2G inaweza kuihangaikia kwa dakika nzima. Umeme wa kila sekunde ni kitu kimoja, umeme wa kila picha ni kingine, na kwa kazi nzito mtandao wa kasi uliosimama ndio wa bei nafuu. Watafiti wa Michigan waliona jambo hilo hilo: 4G yao ilikuwa mlafi kwa vitu vidogo, lakini mzigo ulipokuwa mkubwa pengo lilipungua sana. Kwa hiyo 2G inamfaa anayesubiri kupigiwa tu, aliyezima data kabisa. Anayefungua data akiwa kwenye 2G anaipoteza chaji aliyodhani anaiokoa. Isitoshe, ushauri mwingi wa aina hii umeokotwa kutoka nchi ambazo hali yake si yetu. Swisscom ya Uswisi ilizima 2G mwanzoni mwa 2021, AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022, na mwandishi wa kule anapotaja mtandao wa chini anazungumzia orodha tofauti na yetu. Kwetu 2G bado ni ya lazima kwa sababu ya mamilioni ya simu za tochi, zile wanazoziita kiswaswadu Tanzania na mulika mwizi Kenya. Siku mitandao yetu ikianza kuzima 3G, kama wengine walivyofanya, aya iliyotangulia itabidi iandikwe upya.

5G inahitaji neno lake. Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zote ziliianzisha kibiashara mwaka 2022, na tangu hapo simu zenye alama hiyo zimeshuka bei. Katika namna iliyotumika kuanzishia 5G sehemu nyingi duniani, simu huwa imeshikilia 4G kwa mkono mmoja na 5G kwa mkono mwingine, yaani redio mbili kwa wakati mmoja. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo: Apple ilipotoa iPhone 12 mwaka 2020, simu ya kwanza ya kampuni hiyo kuwa na 5G, iliiwekea mpangilio wa kurudi 4G yenyewe pale kasi ya ziada isipohitajika, kwa ajili ya kulinda betri. Kwa mtu anayeishi nje ya maeneo machache ya mijini yenye 5G imara, kuiacha imewashwa ni kuituma simu kutafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo. Naona kuizima ndio uamuzi wa busara kwa wengi wetu kwa sasa. Anayepakua mafaili makubwa akiwa karibu na mnara wenyewe ana sababu ya kuiacha.

Jambo ambalo makala za nje hulitaja kwa kupita, na ambalo kwetu ni moyo wa suala, ni laini mbili. Watu wetu wengi wana laini mbili kwa sababu zinazoeleweka: bando nafuu liko huku, pesa za wateja zinaingia kule, jamaa wa kijijini wako mtandao mwingine. Kila laini ina mnara wake wa kusikiliza na ratiba yake ya kuamka. Mahali zote mbili zina mtandao mzuri, gharama ya ziada ni ndogo. Lakini nenda kijiji ambacho kampuni moja ina mnara na nyingine haina. Laini ya kwanza inalala vizuri, ya pili inasaka. Inasaka, inapumzika, inasaka tena, saa ishirini na nne, wiki nzima ya likizo ya Krismasi au ya Idi, na mwenye simu anarudi mjini akisema betri imeanza kufa. Kwa haki niseme kwamba simu iliyokosa mtandao kabisa hairushi mawimbi, inasikiliza tu, na kadiri inavyokosa ndivyo inavyorefusha mapumziko kati ya msako na msako. Kilicho kibaya zaidi ni mnara hafifu wa kilima cha pili, unaopatikana ukisimama na kupotea ukiketi. Dawa ni moja, nayo haihitaji kuchomoa laini: kwenye mipangilio ya laini kuna swichi ya kuizima moja na kuiacha nyingine. Atakayesema kwamba hela zake ziko kwenye laini ile aizime vivyo hivyo, aiwashe jioni akiwa amesimama pale juu penye mtandao, afanye muamala, azime. Muamala unachukua dakika mbili. Msako ungechukua siku nzima.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kuhesabu senti wakati noti zinaibwa, maana kioo ndicho mlaji mkubwa. Kwa anayetazama video saa sita kwa siku, wako sahihi, naye apunguze mwanga kabla ya kusoma sura hii. Lakini kioo hula kinapotazamwa, na mwenye simu anajua amekitazama. Mtu ambaye kioo chake huwaka saa mbili tu ana saa 22 ambazo redio iko peke yake na betri. Ukurasa wa matumizi ya betri utakuonyesha wewe uko kundi lipi, na ukikuta mtandao wa simu uko juu ya orodha, au muda uliokaa bila mtandao ni asilimia kubwa, mshukiwa amepatikana.

Pingamizi lililo gumu zaidi linasema kwamba simu za sasa zina akili, na kuzichezea mipangilio ni kuziharibia kazi. Nusu ya pingamizi hili naikubali kabisa. Android 6.0, ya mwaka 2015, ilileta utaratibu wa kuzifunga programu mlango simu ikiwa imelala bila kuguswa, kisha kuufungua kwa vipindi ili zote zipite pamoja: mkia mmoja badala ya mikia kumi. Toleo lililofuata, la 2016, liliupeleka utaratibu huo hata mfukoni. Ujumbe wa WhatsApp na barua pepe hupita kwenye njia moja ya pamoja ya Google, haubishi hodi kila mmoja kivyake. Na ile tabia ya kufunga programu zote kwa kidole kila zinapotumika, ambayo mafundi wengi wa simu bado wanaifundisha kwa nia njema, ilikanushwa mwaka 2016 na wakubwa wa pande zote mbili: Craig Federighi wa Apple alijibu kwamba haisaidii betri, na Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android, akasema inaweza hata kudhuru kidogo, kwa sababu programu iliyofungwa italazimika kuanza upya kutoka sifuri. Hapo simu iachwe na akili yake. Ila akili hiyo inaishia pale inapokosa habari. Simu haijui kwamba utakaa kijijini siku tisa. Haijui kwamba 4G inayoiona kwa mbali haitaimarika hata ikiifukuzia mpaka asubuhi, kwa sababu kilima hakitahama. Haijui kwamba leo kuna mgao wa umeme hadi usiku. Wewe unajua.

Kuna mpangilio mmoja unaosambazwa kwa sifa nyingi ambao nataka kuuzungumzia kwa msisitizo, kwa sababu unaweza kumwumiza mtu. Kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza *#*#4636#*#* sehemu ya kupigia, unafunguka ukurasa wa majaribio ambao ndani yake unaweza kuifunga simu kwenye 4G peke yake. Wanaousambaza wanasema unaongeza kasi na kuokoa chaji, na kwa upande wa hangaiko wana hoja, simu haihamihami tena. Lakini kama simu au mtandao wako haujaruhusu mazungumzo kupita kwenye 4G yenyewe, mazungumzo hushuka 3G au 2G kila unapopigiwa, na ukishaifungia simu 4G haina pa kushukia. Anayekupigia ataambiwa hupatikani, na wewe utaona data inakwenda bila tatizo, hutajua. Menyu za fedha, kama ile ya *150*00# ya M-Pesa ya Tanzania, mara nyingi hugoma kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mfanyabiashara au mwenye mgonjwa nyumbani, chaji iliyookolewa kwa namna hiyo haina thamani. Chagua orodha inayoanzia 4G na kuteremka, au inayoanzia 3G na kuteremka, na uache daima mlango wa chini wazi.

Baada ya hapo mengine ni mepesi. Nyumbani au ofisini kwenye Wi-Fi, itumie, kwa sababu kituo chake kiko mita chache na redio yake haipigi kelele. Watafiti wa Michigan waliikuta 4G ya wakati wao ikizidiwa na Wi-Fi kwa matumizi mazuri ya umeme hadi mara 23. Kugawia wengine intaneti kutoka kwenye simu yako ni kinyume chake: redio mbili zinafanya kazi kwa pamoja bila kupumzika, kwa hiyo anayegawa akae dirishani, na amalize azime. Usiku, asiyesubiri simu ya mtu aweke hali ya ndegeni, nayo redio itazimika kweli. Anayeweza kuitwa usiku azime data tu na kuacha simu wazi, na atapata sehemu kubwa ya faida hiyo bila wasiwasi.

Safari ndefu ya basi hukusanya kila kitu kilichotajwa katika sura hii. Dar es Salaam hadi Mbeya simu hupita minara mingi, ikihamishwa kutoka mmoja hadi mwingine kwa mwendo wa basi, na katikati kuna kipande cha hifadhi ya Mikumi na milima ya Kitonga. Mwili wa basi ni chuma, abiria hamsini, kila mmoja na simu yake. Asubuhi kabla ya kuondoka, zima laini usiyoihitaji njiani, shusha chaguo la mtandao hadi 3G na chini yake, zima data, acha simu wazi kwa anayekupigia. Unataka kusoma ujumbe, subiri basi lisimame kula Morogoro au Iringa, ambako mnara uko karibu. Washa data hapo. Simu itatetema mfululizo kwa nusu dakika huku ujumbe wa saa nne ukiingia wote kwa mlango mmoja, kisha itanyamaza, na unaweza kuizima tena kabla kondakta hajaanza kuita watu warudi ndani.